Hukumu Isiyosomeka: Kisa cha Kameruni Machoni pa Mtu wa Mtwara

Mjomba wangu alikuwa na mikorosho arobaini na miwili upande wa Tandahimba. Aliirithi kwa mjomba wake, kama ilivyo desturi yetu Wamakonde, na aliigombea mahakamani kwa miaka minne dhidi ya jirani aliyedai kwamba mpaka ulisogezwa. Kwenye mahakama ya mwanzo alishinda. Kesi iliendeshwa kwa Kiswahili, akasimama mwenyewe, akaeleza nani alipanda mkorosho upi na mwaka gani. Ngazi ya pili akashindwa, akakata rufaa. Siku moja akaja nyumbani kwetu Mtwara mjini na bahasha ya kaki, akatoa nakala ya hukumu na kuitandaza juu ya mkeka. "Mpwa wangu, wewe ndiye unayesoma. Nisomee."

Nilikuwa kidato cha tatu. Zilikuwa kurasa nne, zote kwa Kiingereza. Nilichokielewa vizuri ni mstari wa mwisho, uliosema rufaa imetupwa. Nikamwambia, "Mjomba, umeshindwa." Akauliza kwa nini. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikasoma tena polepole, nikakosa jibu. Alikunja karatasi zake, akashukuru, akaondoka na basi la jioni.

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kupata mafunzo ya usaidizi wa kisheria, nilizisoma upya kurasa zile. Hakimu hakusema kwamba mikorosho si ya mjomba. Alisema rufaa ililetwa nje ya muda na hakukuwa na maombi ya kuongezewa muda. Maombi hayo yangeweza kupelekwa, na mjomba alikuwa na sababu, kwa maana wiki zile zote alikuwa amelazwa. Katika ukoo wetu wote hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Mikorosho ikaenda.

Ndiyo maana kisa cha Kameruni sikisomi kama habari za mbali. Vita vilivyoua zaidi ya watu 6,000 katika mikoa miwili ya nchi ile havikuanza na bunduki wala kabila. Vilianza na mawakili waliosema kwamba sheria wanazotakiwa kuzitumia mahakamani hazipo katika lugha ya watu wanaowatetea. Nataka kukieleza kisa hiki kwa utaratibu, hasa zile siku ambazo bado kingeweza kumalizwa mezani, kwa sababu naona wengi huku kwetu wanakitaja kwa mkato tu: "Waingereza na Wafaransa wamewagombanisha." Hiyo ni sehemu ndogo ya mambo yalivyokuwa.

Mkoloni mmoja, urithi tofauti

Kameruni na Tanganyika zilikuwa chini ya Mjerumani mmoja. Boma lake bado limesimama Mikindani, dakika chache kutoka hapa mjini. Aliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, makoloni yake yaligawanywa. Kwetu Mwingereza alichukua Tanganyika, Mbelgiji akapewa Ruanda-Urundi, na hata kipande kidogo kusini ya mdomo wa Mto Ruvuma, kinachoitwa Pembetatu ya Kionga, akakabidhiwa Mreno. Watu wa Kionga wana jamaa zao upande huu wa mto mpaka leo, ila ofisini wao wanajaza fomu kwa Kireno.

Kameruni nayo ilikatwa. Mfaransa alichukua sehemu kubwa, kama nne ya tano. Mwingereza akapata vipande viwili vyembamba vilivyopakana na Nijeria, akavitawala kama sehemu ya Nijeria hiyohiyo. Julai 1922 Umoja wa Mataifa wa wakati ule ulithibitisha udhamini wa Mwingereza juu ya vipande hivyo na juu ya Tanganyika pia.

Hapa pana tofauti ambayo naona haipewi uzito wake. Mjerumani alipofika pwani yetu alikikuta Kiswahili kikitembea tayari na misafara ya biashara kutoka Kilwa, Lindi na Mikindani hadi bara. Alikitumia kwa maakida na mashuleni, na Mwingereza akakiendeleza. Kule Kameruni hakukuta lugha moja iliyoenea hivyo. Wamisionari wa Basel walifundisha kwa Kiduala pwani na Kimungaka nyanda za juu. Watu wa kawaida, hasa upande ulioangukia kwa Mwingereza, walielewana kwa Pijini, lugha ambayo wakubwa hawakuiheshimu kamwe. Nchi ile ina lugha zaidi ya 250. Kwa hiyo Kiingereza na Kifaransa vilipoingia, havikuondoa lugha yoyote iliyokuwa ikiwaunganisha wote. Vilikaa vyenyewe katika nafasi hiyo, kila kimoja upande wake, vikaja na mahakama zao, mitihani yao na namna zao za kumsalimu mkubwa.

Kura yenye majibu mawili

Kameruni ya Mfaransa ilipata uhuru Januari 1, 1960, chini ya Ahmadou Ahidjo, aliyekuwa rais wake wa kwanza. Mwaka uliofuata, Februari 11, 1961, watu wa upande wa Mwingereza walipigishwa kura iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Swali lilikuwa na majibu mawili tu: upate uhuru kwa kujiunga na Nijeria, au kwa kujiunga na Jamhuri ya Kameruni. Jibu la tatu, la kujitawala wenyewe, halikuwekwa. Kipande cha kaskazini kilikwenda Nijeria. Cha kusini, ambako Waziri Mkuu wake John Ngu Foncha alipigania kuungana na ndugu wa upande wa pili, kilichagua Kameruni kwa kura 233,571 dhidi ya 97,741.

Kila nikifika hapa namkumbuka Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi. Alipokwisha kustaafu urais, Umoja wa Mataifa ulimpa kuongoza jopo la kufuatilia kura ya Sudani Kusini ya Januari 2011. Kura ile iliruhusu watu kusema wazi kama wanataka kubaki au kujitenga. Yaliyowapata Wasudani Kusini baadaye yanasikitisha, lakini hakuna aliyeweza kusema hawakuulizwa. Watu wa Buea na Bamenda, miji mikubwa ya kile kipande cha kusini, hawakuulizwa. Kizazi cha tatu sasa kinadai swali ambalo babu zao hawakupewa.

Muungano ulianza Oktoba 1, 1961, wiki kumi tu kabla ya uhuru wa Tanganyika. Julai mwaka huo viongozi wa pande mbili walikuwa wamekutana katika mji wa Foumban. Wajumbe wengi wa upande wa Kiingereza waliiona rasimu ya katiba hukohuko, wakiwa tayari wamefika. Hata hivyo walitoka na shirikisho: serikali yao yenye makao Buea, bunge lao, mahakama zao na shule zao. Ibara ya 47 ya katiba ile ilikataza pendekezo lolote la marekebisho ambalo lingevunja umoja wa shirikisho.

Mwaka 1966 vyama vikafanywa kimoja. Mei 20, 1972 Ahidjo akaitisha kura ya nchi nzima, na shirikisho likafutwa. Matokeo rasmi yalikuwa asilimia 99.99. Hebu fikiria hesabu yake: upande wa Kiingereza ni kama mtu mmoja kati ya watano. Jambo lililowahusu wao kuliko wote liliamuliwa na wote, kwa kura ambayo wasingeweza kuishinda hata wangekataa kwa kauli moja. Mwaka 1975 nyota moja kati ya mbili za bendera ikaondolewa. Mwaka 1984 Rais Paul Biya, aliyeingia madarakani mwaka 1982 na ambaye ameitawala nchi ile kwa zaidi ya miaka arobaini, akarudisha jina la "Jamhuri ya Kameruni", lilelile iliyokuwa nalo sehemu ya Mfaransa kabla ya kuungana. Mwanasheria Fongum Gorji-Dinka akasema kwamba kwa kufanya hivyo upande mmoja umejitoa kwenye muungano wenyewe. Aliwekwa ndani mwaka 1985.

Mafuta nayo yalikuwa yamepatikana baharini, upande wao. Kiwanda cha kuyasafisha kilizinduliwa Limbe mwaka 1981, na malalamiko yakaanza: mafuta yanatoka kwetu, ajira na maamuzi viko kwingine. Mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa zaidi.

Yapo pia maudhi ya kila siku yasiyoandikwa kwenye katiba. Katika miji ya Kifaransa, jina "Bamenda" hutumiwa kama tusi, kumaanisha mshamba au kibarua. Vijana wetu waliokwenda Dar es Salaam wanajua uzito wa jina la kwenu kugeuzwa mzaha. Mmachinga alikuwa mtu wa Kusini kabla hajawa mtu wa kutembeza bidhaa barabarani, na vichekesho kuhusu Mmakonde bado vinasimuliwa mbele yetu, tukitegemewa tucheke.

Siku tisini na nane

Sasa tufike kwenye kiini cha kisa.

Katika mikoa miwili ya upande wa Kiingereza, Kaskazini Magharibi na Kusini Magharibi, mahakama zilirithi sheria ya Kiingereza, ile inayojengwa juu ya hukumu zilizotangulia, ambayo na sisi Tanzania tuliirithi. Wakili wa Mtwara akiingia mahakama ya Buea ataona mambo anayoyafahamu. Mikoa minane iliyobaki inatumia sheria ya mtindo wa Kifaransa: kanuni zilizoandikwa, na hakimu mpelelezi mwenye nguvu kubwa kabla kesi haijasikilizwa. Hizi ni namna mbili tofauti za kumtazama mtuhumiwa, na tofauti yake haiishii kwenye msamiati.

Mwaka 1993 nchi kadhaa za Afrika, nyingi zikiwa zilizotawaliwa na Mfaransa, zilisaini mkataba wa OHADA wa kuunganisha sheria za biashara. Ibara ya 42 ilisema lugha ya kazi ni Kifaransa. Kiingereza kiliongezwa katika marekebisho ya mwaka 2008, ila kwenye meza za mawakili wa Bamenda mambo hayakubadilika. Mfanyabiashara wa Kumba aliweza kushitakiwa kwa sheria ambayo wakili wake hakuwa na nakala yake rasmi kwa Kiingereza. Juu ya hayo, wizara iliendelea kupeleka mahakimu waliosomea sheria ya Kifaransa, na ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha, wakasikilize kesi katika mikoa ile. Mtu anasimama kizimbani, hakimu hamwelewi, na yeye hamwelewi hakimu.

Mawakili waliandika barua. Mwaka 2015 walikutana Bamenda na kutoa maazimio. Hawakujibiwa. Oktoba 11, 2016 wakaanza mgomo.

Madai yao yalikuwa ya kawaida kabisa: sheria zitafsiriwe, mahakimu wasioijua sheria ya Kiingereza waondolewe, Mahakama ya Juu iwe na kitengo cha sheria hiyo. Wengine waligusia kurudi kwa shirikisho, jambo ambalo nchi ilikuwa nalo hadi mwaka 1972. Hakuna aliyedai taifa jipya. Novemba wakaandamana na majoho yao na mawigi yao. Polisi wakawapiga, wakawanyang'anya majoho na mawigi.

Novemba 21 walimu nao wakagoma. Hoja yao ilikuwa hiyohiyo, ila ya darasani: walimu wa Kifaransa wanapangwa kufundisha watoto wanaotahiniwa kwa Kiingereza. Siku hiyohiyo Bamenda, kijana mmoja, Mancho Bibixy, alisimama ndani ya jeneza katikati ya mji akalalamikia barabara mbovu, akisema yuko tayari kufa. Wiki moja baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Buea waliandamana, na mitandaoni zikasambaa picha za wasichana wakigaragazwa kwenye matope. Wazazi waliokuwa wakisema haya ni mambo ya wasomi wakabadilika.

Desemba na Januari serikali ilikaa na wawakilishi wa mawakili na walimu, ambao walikuwa wamejiunga katika umoja mmoja. Tafsiri ya sheria za OHADA ilitolewa baada ya mgomo kuanza. Vikao vilisogea, vikakwama, vikasogea tena. Kisha Januari 17, 2017 serikali ikaupiga marufuku umoja ule. Wakili Felix Agbor Balla na Dakta Fontem Neba, watu waliokuwa wakikaa mezani na wajumbe wa serikali, wakakamatwa na kupelekwa Yaoundé, mji mkuu wa nchi, kushitakiwa mahakama ya kijeshi. Siku hiyohiyo intaneti ikakatwa katika mikoa yote miwili. Ilirudi baada ya siku 93. Vijana wa Buea waliokuwa wakijipatia riziki kwa kutengeneza programu walikuwa wakisafiri hadi kijiji cha mpakani kutafuta mawimbi, wakifanya kazi wamebanana kwenye chumba kimoja.

Tangu mgomo uanze hadi kukamatwa kwa wale mabwana ni siku 98. Nimezihesabu zaidi ya mara moja, kwa sababu nadhani kisa chote kimo humo.

Tazama kilichofuata. Mwezi huohuo wa Januari ikaundwa tume ya kitaifa ya lugha mbili. Machi 2017 serikali ikatangaza kitengo cha sheria ya Kiingereza katika Mahakama ya Juu, pamoja na kuajiri walimu na watumishi wa mahakama. Yaani sehemu kubwa ya walichoomba mawakili Oktoba ilitolewa Machi. Ila walioomba walikuwa rumande. Hakukuwa na mtu wa kuipokea kwa niaba ya watu, kuipeleka Bamenda na kusema, "Hiki tumekipata, sasa watoto warudi shule." Nafasi yao ilikuwa imeshachukuliwa na watu waliokuwa ng'ambo, wenye simu na bila hofu ya kukamatwa, ambao hawakutaka tafsiri ya sheria yoyote. Walitaka nchi. Biya aliwaachia Agbor Balla na wenzake Agosti 30, 2017. Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 1, siku ya kumbukumbu ya muungano, uhuru wa "Ambazonia", jina walilolipa nchi waliyoitaka, ukatangazwa, na askari wakafyatua risasi kwenye maandamano. Kabla mwaka haujaisha msitu ulikuwa na vikundi vyenye silaha.

Baada ya hapo

Sehemu hii naipita haraka, ingawa ndiyo yenye machozi mengi. Sisiku Julius Ayuk Tabe, aliyejitangaza rais wa Ambazonia, alikamatwa Abuja, Nijeria, Januari 2018 na Agosti 2019 akahukumiwa kifungo cha maisha. Vijiji vilichomwa. Februari 14, 2020 huko Ngarbuh wanajeshi na wenzao waliua raia wasiopungua 21, wengi wao watoto. Serikali ilikanusha kwanza, baadaye ikakubali kwamba wanajeshi walihusika.

Wapiganaji nao waliwageukia watu wao. Walipiga marufuku shule, kwa hoja kwamba ni shule za serikali inayowakandamiza. Walimu walitekwa, wazazi walitozwa pesa, na kila Jumatatu miji ilifungwa kwa nguvu. Mwaka 2019 UNICEF ilisema watoto zaidi ya 850,000 wako nje ya shule katika mikoa ile. John Fru Ndi, mzee aliyeanzisha chama cha upinzani Bamenda mwaka 1990 na kuwasemea watu hao kwa miaka karibu thelathini, alitekwa mara mbili mwaka 2019 na vijana ambao wengi hawakuwa wamezaliwa alipoanza. Oktoba 24, 2020 watu wenye silaha waliingia shuleni Kumba wakaua watoto saba darasani. Mgomo uliokuwa umedai mtoto afundishwe kwa lugha ya mtihani wake ukaishia hapo: mtoto hana darasa kabisa.

Septemba 2019 serikali iliitisha mdahalo wa kitaifa, na Desemba ikaipa mikoa miwili "hadhi maalumu". Mapigano hayakukoma.

Lugha ilifanya nini hapa?

Nimesoma na kusikia maelezo mengi yanayokichukulia kisa hiki kama ugomvi wa lugha. Siyakubali. Mama muuza ndizi wa Bamenda hazungumzi Kiingereza nyumbani; anazungumza lugha ya kwao, na sokoni Pijini. Watu wa mikoa hiyo miwili hawana hata lugha ya asili ya pamoja, na wa pwani kwa muda mrefu wamewalalamikia wa nyanda za juu kwamba wanachukua ardhi na vyeo. Kilichowafanya wawe kitu kimoja ni kwamba Kiingereza kilikuwa lugha ya mahakama yao na mitihani yao. Lugha iliwauma pale ilipoamua jambo: nani anashinda shauri, nani anafaulu, nani anaajiriwa. Mtu anaweza kuishi na jirani asiyemwelewa miaka yote wakapeana moto wa kupikia. Hawezi kuishi na hakimu asiyemwelewa.

Na hata hapo, mateso hayo peke yake hayakuleta vita. Yalivumiliwa kwa miaka arobaini. Vita vililetwa na uamuzi wa kuwaweka ndani watu waliokuwa bado wanazungumza.

Kwetu Kusini tulikuwa na mwaka wetu pia. Desemba 27, 2012 maelfu waliandamana Mtwara mjini kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Gesi ya Mnazi Bay ilijulikana tangu mwaka 1982, na watu walikuwa wamesubiri viwanda. "Gesi haitoki" ilikuwa kauli ya kila kijiwe. Januari 2013 vurugu zikafika Masasi, majengo yakachomwa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuja, akakaa na wazee, viongozi wa dini na wa vyama. Mei 22, bajeti ya wizara iliposomwa Dodoma na kuthibitisha kwamba bomba litajengwa, mji ukawaka tena, jeshi likaingia, watu wakafa, na wapo walioondoka na makovu wasiyopenda kuyazungumzia mpaka leo. Bomba la kilomita 542 lilizinduliwa Oktoba 2015.

Sikuwa mbali na mambo yale, na sitaki kuyapamba. Ila naona tofauti moja. Pinda alipokaa Mtwara hakuhitaji mkalimani, na mzee wa Msimbati alipomjibu hakuhitaji kutafsiriwa. Aliyeandika kumbukumbu aliandika kwa lugha ambayo wote waliokaa chumbani waliweza kuisoma. Hatukukubaliana, na wengi tunaamini tulishindwa isivyo haki. Lakini tulijua tumeshindwa katika jambo gani na kwa maneno yapi. Mjomba wangu hakulijua hilo kwa mikorosho yake.

Tofauti hiyo isitufanye tujisifu. Hatukuwa na historia ya serikali yetu wenyewe Mtwara, hatukupigishwa kura ya kujiunga na mtu, hatukuwa na bendera iliyofutwa nyota. Kiswahili kimetuepusha na mengi, lakini si kila amani tuliyonayo ni kazi ya Kiswahili. Na mpaka wa lugha upo hata kwetu, ila haupiti kati ya mkoa na mkoa. Unapita katikati ya kila nyumba, kati ya aliyesoma Kiingereza cha sekondari na wengine wote. Kwa kuwa umetawanyika namna hiyo, hauwezi kuwa jeshi. Basi unabaki kuwa uchungu wa mtu mmojammoja na bahasha yake.

Mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi sana siku niliposikia. Lakini sheria nyingi zilitungwa kwa Kiingereza na zinahitaji kutafsiriwa moja baada ya nyingine, na hukumu za Kiingereza hazijakoma kuletwa ofisini kwetu, tena na watu walewale: wazee wa korosho, wajane wa viwanja, vijana wa bodaboda. Wapo pia akina bibi kutoka vijiji vya ndani ambao hata Kiswahili cha mahakamani kinawapita. Wanaelewa vizuri Kimakonde au Kimwera, na wanapoulizwa na hakimu huitikia "ndiyo" kwa adabu tu. "Ndiyo" ile huandikwa kuwa ni kukiri. Nimekwisha kuliona hilo kwa macho yangu mara tatu, na mara mbili tuliwahi.

Kwa wasaidizi wenzangu wa kisheria wanaosoma hapa, kazi tunayoweza kuifanya bila kusubiri mtu ni kumwandikia kila mteja muhtasari wa hukumu yake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: umeshinda au umeshindwa, kwa sababu ipi, una siku ngapi, na hatua inayofuata ni ipi. Kisha tumsomee kwa lugha anayoiota, tumtake aturudishie kwa maneno yake mwenyewe, ndipo aondoke. Ofisini kwetu tumeanza hivyo tangu mwaka jana. Jumatatu nina hukumu ya bibi mmoja wa Nanguruwe, kurasa kumi na moja, na zimebaki siku kumi na tisa kabla muda wake wa rufaa haujaisha.